Kulinganisha Ulaji wa Nchi na Nchi Bila Kuchanganya Mpunga na Wali

Mkulima wa Kyela au wa Mwea huvuna mpunga, mwenye duka hupima mchele, na mezani hupakuliwa wali. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayeyachanganya maneno hayo matatu akiwa jikoni au sokoni, lakini mtu huyohuyo akifungua jedwali la takwimu za kimataifa hukuta yote yamefunikwa na neno moja, na hapo ndipo ulinganisho wa ulaji unapoanza kupotoka. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa takriban kilo 65 za mchele, na kilo hizo 65 zikipikwa hukaribia kilo 180 za wali, kwa kuwa zimekwisha kunywa maji. Nchi iliyoandikwa kwa mpunga itaonekana inakula nusu zaidi ya jirani yake aliyeandikwa kwa mchele, hata kama sahani za wote wawili zinalingana.

Kosa hilo nimewahi kulifanya mwenyewe. Nilichukua safu ya mpunga kwa Tanzania na safu ya mchele kwa Kenya, kisha nikaandika aya mbili ndefu za kueleza, kwa sababu za kimila na za kihistoria, tofauti ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa makapi. Tangu siku hiyo kila namba ninaipitisha kwanza katika jaribio la sahani: naigawa kwa siku 365, naigeuza kuwa chakula kilichoiva, kisha najiuliza kama mtu wa kawaida wa nchi hiyo angeweza kukimaliza. Kilo 36.5 za mchele kwa mwaka ni gramu 100 kwa siku, ambazo zikiiva ni sahani moja ya wali isiyo kubwa wala ndogo. Namba isiyokubali kukaa kwenye sahani huwa ina hitilafu, ama ya kizio, ama ya hali ya chakula, ama ya idadi ya watu iliyotumika kugawanya.

Mwongozo huu unatumia zaidi mfano wa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu nchi hizi zinapakana, zinauziana chakula, na bado vyakula vyao vikuu vinatofautiana kiasi cha kumtega mlinganishaji. Hatua zenyewe zinafaa kwa nchi nyingine yoyote.

Kabla ya kupakua takwimu, andika swali lako katika sentensi moja inayotaja chakula, kipimo, watu na kipindi. "Nani anakula zaidi, Mganda au Mkenya?" ni mjadala wa barazani, hakuna jedwali litakaloujibu. Lakini ukiuliza nishati inayotokana na ndizi, mizizi na nafaka ilikuwa na sehemu gani katika mlo wa Uganda na wa Kenya kwa wastani wa miaka mitatu fulani, umekwisha kujua ni safu zipi utazitafuta na zipi utaziacha. Tumia wastani wa miaka mitatu badala ya mwaka mmoja, kwa sababu ukame au mavuno ya kupindukia ya msimu mmoja yatakuonyesha tabia ya mvua, nawe ulitaka tabia ya walaji.

Swali likishakaa sawa, chagua aina ya takwimu, na hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote. Namba zinazoitwa "ulaji" ni za aina tatu: chakula kilichokuwepo nchini, chakula kilichoingia ndani ya kaya, na chakula kilichoingia kinywani. Kila aina ina chanzo chake na udhaifu wake, na hazilinganishwi zenyewe kwa zenyewe.

Chakula kilichokuwepo nchini hupatikana katika mizania ya chakula inayotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lenye makao yake Roma, kupitia hifadhidata yake ya FAOSTAT ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila malipo. Hesabu yake ni ya kibiashara: uzalishaji wa ndani, jumlisha kilichoagizwa kutoka nje, toa kilichouzwa nje, rekebisha mabadiliko ya akiba ghalani, kisha ondoa mbegu, chakula cha mifugo, upotevu na matumizi ya viwandani. Kinachobaki kinagawanywa kwa idadi ya watu na kuitwa chakula cha kila mtu. Maana yake ni kwamba hakuna aliyemtazama mtu akila. Ulaji katika mizania ni baki la kutoa na kujumlisha, na kila kosa lililofanyika juu ya jedwali huteremka na kumwangukia mlaji. Upotevu unaoondolewa, isitoshe, unaishia kabla ya chakula kufika nyumbani, hivyo kiporo kilichomwagwa bado kinahesabiwa kuwa kimeliwa. Ndiyo sababu Marekani huonyeshwa kuwa na zaidi ya kilokalori 3,500 kwa kila mtu kwa siku. Hicho ni kiasi kilichofikishwa kwa walaji, na sehemu yake isiyo ndogo iliishia kwenye pipa la taka.

Kwetu kosa kubwa zaidi hutoka mpakani. Mahindi huvuka Namanga, Sirari na Busia kwa malori yenye hati, lakini huvuka pia kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa njia za panya, na gunia lisiloandikwa popote huhesabiwa kuwa limeliwa lilikovunwa. Mnamo Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, kisha baada ya siku chache ikaruhusu tena kwa masharti. Katika vipindi vya namna hiyo kinachoandikwa forodhani na kinachosagwa mashineni huweza kuachana kabisa, na ulaji wa muuzaji ukapanda katika karatasi huku wa mnunuzi ukishuka, ilhali sufuria zote zinachemka kama jana.

Samaki wana tatizo la aina yake. Sangara wa Ziwa Victoria husafirishwa nje akiwa minofu, na mizania humrejesha katika uzito wa samaki mzima kabla ya kutoa. Kichwa na mifupa yake, yale mapanki ya Mwanza ambayo upande wa Kenya huitwa mgongo wazi, hukaangwa na kuliwa na watu wa hali ya chini kando ya ziwa, lakini katika hesabu vimekwisha kuondoka pamoja na minofu. Dagaa nao huliwa na watu na pia husagwa kuwa chakula cha kuku, na mgawanyo kati ya matumizi hayo mawili hutegemea makadirio. Ukilinganisha ulaji wa samaki kati ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo, usiamini desimali.

Kuna mitego miwili ya FAOSTAT ambayo humnasa hata mzoefu. Wa kwanza ni wa muda: mfululizo wa zamani wa mizania unaishia mwaka 2013, na mfululizo mpya unaoanzia 2010 umejengwa kwa mbinu tofauti, hivyo anayeunganisha miaka ya 1990 na ya leo katika mstari mmoja atakuta ngazi katikati ya mchoro wake na kuidhania kuwa mapinduzi ya lishe. Wa pili ni wa majina: ndizi zimegawanywa katika safu mbili, moja ya ndizi kwa jumla na nyingine ya ndizi za kupika, na kila nchi huziingiza kwa desturi yake. Matoke ya Uganda hukaa zaidi katika safu ya ndizi za kupika, huku ndizi nyingi za Tanzania, zikiwemo zile zinazopikwa Kagera na Kilimanjaro, zikiandikwa katika safu ya ndizi kwa jumla. Jumlisha safu zote mbili kwa kila nchi kabla ya kusema lolote, na ukumbuke kwamba ndizi zilizogeuzwa pombe ya mbege au rubisi huhama na kuandikwa upande wa vinywaji.

Aina ya pili, yaani chakula kilichoingia ndani ya kaya, hupatikana katika tafiti za mapato na matumizi ya kaya. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilifanya ya Tanzania Bara kuanzia Desemba 2017 hadi Novemba 2018, na Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya lilifanya ya kwake kuanzia Septemba 2015 hadi Agosti 2016. Kuenea kwa kazi hiyo katika miezi 12 si jambo dogo: utafiti wa miezi miwili ukiangukia wakati wa mavuno, au ukiangukia mwezi wa Ramadhani katika miji ya pwani, utapima sherehe au shibe na kuiita kawaida. Soma kwanza tarehe za kazi ya uwandani, kisha soma dodoso lenyewe.

Nasema dodoso lenyewe kwa sababu namna ya kuuliza hubadilisha jibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika jaribio lililofanyika Tanzania mwaka 2007 na 2008, kaya takriban 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi likaulizwa kuhusu chakula kwa mtindo wake: wengine waliandika shajara, wengine walikumbuka siku 7, wengine siku 14, wengine kwa orodha ndefu ya vyakula na wengine kwa orodha fupi. Kaya zilikuwa za wilaya zilezile na za miezi ileile, lakini sehemu ya watu waliohesabika kuwa na njaa ilitoka takriban moja ya tano katika mtindo mmoja na kufikia takriban theluthi mbili katika mtindo mwingine. Ikiwa nchi moja imetumia shajara na nyingine kumbukumbu ya siku 7, tofauti unayoiona huenda ni ya kalamu. Pale ambapo huwezi kupata tafiti mbili zenye mtindo mmoja, linganisha sehemu za mlo, kwa mfano asilimia ya nishati itokayo kwenye nafaka, badala ya jumla ya kilo. Sehemu huhimili tofauti za dodoso vizuri kuliko jumla.

Tafuta pia swali la chakula kilicholiwa nje ya nyumba. Kijana wa Dar es Salaam anayekunywa chai na chapati kwa mama ntilie, akala wali maharage mchana na chipsi mayai usiku, anaweza kuonekana katika shajara ya kaya kama mtu aliyefunga siku nzima, kwa kuwa anayejaza shajara ni dada yake aliyebaki nyumbani. Katika miji kundi hili ni kubwa. Utafiti ulioweka mstari mmoja tu wa "chakula nje" na kuandika fedha bila kutaja chakula haukuachii la kufanya ila kukadiria, na makadirio hayo yataje waziwazi.

Aina ya tatu, chakula kilichoingia kinywani, hupimwa kwa kumuuliza mtu mmojammoja alichokula katika saa 24 zilizopita, mara nyingi kwa msaada wa vikombe, miiko na picha za sahani. FAO na Shirika la Afya Duniani wamekusanya tafiti nyingi za namna hii katika jukwaa lao liitwalo GIFT. Ni takwimu bora kwa maswali ya lishe, lakini nyingi ni za wanawake au watoto wa eneo moja, na si haki kuzifanya ziseme kwa niaba ya taifa zima.

Baada ya kuchagua chanzo, geuza kila kitu kiwe katika kizio kimoja. Ukifanya kazi na takwimu za kaya utakutana na vipimo vya sokoni kabla hujakutana na kilo: debe, kisado, kibaba, pishi yenye vibaba vinne, gorogoro la Kenya, fungu la nyanya, mkungu, na lile gunia la lumbesa lililofumwa kilemba juu. Vingi kati ya hivi hupima ujazo au macho ya muuzaji. Debe la mahindi, la maharage na la dagaa wakavu hayalingani mizanini, na fungu la nyanya hubaki kwa bei ileile mwaka mzima huku idadi ya nyanya ikipungua kiangazi. Tafiti nzuri huambatana na jedwali la kugeuzia vipimo hivi kwa kila mkoa. Kama halipo, nenda sokoni na mizani.

Kisha geuza kilo kuwa nishati, kwa sababu kilo za vyakula tofauti hazisemi lugha moja. Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Familia ya Masaka, Uganda, imetumia kilo 10 za matoke, na familia ya Kitale, Kenya, imetumia pakiti moja ya unga wa mahindi ya kilo 2. Kwa uzito, Masaka imekula mara tano zaidi. Sasa menya ndizi hizo: chane yenye kilo 2.5 ikimenywa hubakiza takriban kilo 1.5, kwa hiyo kilo 10 zinabaki 6. Gramu 100 za ndizi mbichi iliyomenywa zina takriban kilokalori 120, na gramu 100 za unga zina takriban 360. Kilo 6 za ndizi ni kilokalori 7,200, na kilo 2 za unga ni kilokalori 7,200. Familia hizo mbili zimekula nishati ileile.

Usiishie hapo, kwani nishati ikilingana protini haifuati. Unga huo una takriban gramu 160 za protini, na ndizi zile hazifiki nusu yake. Ndipo mchuzi wa karanga na maharage vinavyopata maana pembeni ya matoke, na ndiyo sababu ulinganisho wa vyakula vikuu peke yake huacha nusu ya mlo nje. Kwa viwango vya virutubisho tumia majedwali ya kwetu, yale ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018, kabla ya kukimbilia ya Ulaya, kwa kuwa hayo ndiyo yanayotofautisha sembe na dona na kutaja mchicha, kisamvu na mlenda kwa majina yao.

Kugawanya kwa idadi ya watu kunaonekana rahisi kuliko kulivyo. Nusu ya Waganda wana umri usiozidi takriban miaka 17, ilhali nusu ya Wajapani wamevuka 48. Mtoto wa miaka mitatu na fundi mwashi wakihesabiwa kichwa kimoja kila mmoja, nchi ya watoto itaonekana na njaa kuliko ilivyo. Dawa yake ni kizio cha mtu mzima sawia, ambacho humpa kila mtu uzito kulingana na mahitaji yake ya nishati kwa umri na jinsia. Hakikisha tu kwamba nchi zote mbili zimetumia mizani ileile ya uzito, kwa sababu ziko zaidi ya moja. Kagua vilevile kama wakimbizi wamo katika kigawanyo, jambo lenye uzito kwa Uganda inayohifadhi zaidi ya milioni moja.

Upande wa fedha nitaupita kwa haraka. Mjerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato kinavyokua, sehemu ya kipato inayokwenda kwenye chakula hupungua, na Mmarekani M. K. Bennett akaonyesha mwaka 1941 kwamba ndani ya chakula chenyewe sehemu ya vyakula vya wanga nayo hupungua. Kwa hiyo ukikuta nchi mbili zinatofautiana, jiulize kwanza kama tofauti hiyo haielezwi na kipato kabla ya kuitafuta katika mila. Asilimia ya matumizi ya kaya inayokwenda kwenye chakula ni kipimo kizuri kwa sababu hakihitaji kubadilisha shilingi kuwa dola, ila usiichanganye na uzito wa chakula katika fahirisi ya bei, ile inayotumika kupima mfumuko wa bei. Utafiti wa Kenya wa 2015/16 ulikuta chakula kinachukua zaidi ya nusu ya matumizi ya kaya, lakini uzito wake katika fahirisi ya bei ya nchi hiyo ni asilimia 32.9, na katika ile ya Tanzania, kwa mwaka wa msingi 2020, ni asilimia 28.2. Katika fahirisi, anayetumia fedha nyingi huhesabika zaidi, na mahindi yaliyotoka shambani kwa mwenyewe kwa kawaida hayamo.

Wastani wa taifa ukishapatikana, uvunje. Mlo wa "Mtanzania" hauliwi na Mtanzania yeyote: Kagera wanapika ndizi, Dodoma wana ugali wa mtama na uwele, Mtwara na Lindi wana muhogo, na Zanzibar wali ndio chakula, ugali ukija baadaye. Mtu wa Bukoba kwa mlo wake yuko karibu na Masaka kuliko alivyo karibu na Dodoma, na mstari unaomtenganisha na Mganda ni wa ramani. Ikiwa tofauti za ndani ya nchi zinazidi tofauti za kati ya nchi, linganisha kanda.

Ikiwa unalinganisha pia nyakati, usidhani kwamba chakula kikuu ni kitu cha milele. Japani, ambayo wengi huitaja kuwa nchi ya wali, ilifikia kilele cha ulaji wa mchele mwaka 1962 kwa takriban kilo 118 kwa mtu, na tangu hapo ulaji huo umeshuka hadi chini ya nusu, mkate, tambi, nyama na maziwa vikichukua nafasi yake. Aliyepima Japani mwaka 1962 na aliyepima juzi wameona nchi mbili.

Mwisho, chini ya kila jedwali andika mstari mmoja mdogo wenye mambo matano: aina ya takwimu, hali ya chakula, kizio, kigawanyo na miaka. Kwa mfano: "Mizania ya chakula, mchele uliokobolewa, ndizi pamoja na maganda, kilo kwa mtu kwa mwaka, watu wote bila kurekebisha umri, wastani wa miaka mitatu." Ukishindwa kuujaza mstari huo kwa nchi mojawapo, iondoe nchi hiyo katika jedwali mpaka utakapoweza.